Mkasi wa laki nne nimeuua kwa shilingi 1,500. Wenye saluni Mwanza tuongee

MkasiWaKirumba

Wakuu salaam.

Nina saluni ndogo Kirumba, huu ni mwaka wa sita. Mashine anashika kijana wangu, mimi nashika dawa, wigi na mkasi. Wateja wangu wa mkasi ni akina mama wenye nywele za dawa, Wahindi wa mjini, na mara mojamoja mzungu anayepitia Mwanza kwenda Serengeti. Hao wenye nywele laini ndio walionifundisha adabu. Kwenye kipilipili mkasi mbovu unaweza kukusitiri mwezi mzima, ila kwenye nywele ya Kihindi ukibana mara ya kwanza tu mteja anageuza shingo: "Dada, unanivuta."

Kisa chenyewe. Miaka mitatu hivi iliyopita nilijinyima, nikaagiza mkasi Dar. Inchi 6, chuma cha 440C, laki nne na ishirini. Ulipofika niliufungua kwenye boksi kama mtu anayefungua pete ya uchumba. Miezi saba nilikata kwa raha. Mwezi wa nane nywele zikaanza kulala. Yaani nakamata fungu la nywele kati ya vidole, nafunga mkasi, badala ya kukatika zinajikunja katikati ya mabapa (zile pande mbili za kukatia) na kuteleza kuelekea nchani. Nikabonyeza kidole gumba zaidi. Zikakatika, lakini jioni kiganja kilikuwa kinauma mpaka natia chumvi mboga kwa mkono wa kushoto.

Nikajiambia mkasi umekuwa butu. Ndiyo akili ya kwanza ya kila mtu, si ndiyo? Nikaenda mjini nikampata mzee mwenye jiwe la kunolea lililofungwa kwenye baiskeli, yule anayekanyaga pedeli jiwe linazunguka. Shilingi 1,500. Cheche zikaruka, watoto wakasogea kuangalia, mimi nimesimama pale nimeridhika kabisa. Nilipoutazama karibu na ncha, chuma kilikuwa na kivuli cha bluu. Nikaona ni pambo.

Siku mbili ulikata vizuri. Siku ya tatu ukaanza kutafuna. Wiki ya pili haukukata hata uzi.

Baadaye akaja dada mmoja msusi kutoka Nairobi, alikuwa Mwanza kwenye harusi, akapita kwangu kuseti nywele. Nikamwonyesha maiti yangu. Hakuangalia makali hata kidogo. Aliushika mkasi, akaufungua uwe kama msalaba, akaachia upande mmoja. Ukajifunga wenyewe: kacha! Akaniuliza, "Hii skrubu umeikaza lini?" Nikamwambia, kwani inakazwa? Akachukua bisibisi ndogo ya miwani, akaifungua ile skrubu ya katikati. Chini yake kulikuwa na donge la nywele zilizogandiana na dawa, jeusi, kubwa kama punje ya mtama.

Kumbe mkasi wangu haukuwahi kuwa butu. Ulilegea na kuchafuka, basi. Nikaupeleka kunyolewa chuma bure.

Sasa nina wa pili, miaka miwili, na kunolewa umenolewa mara moja tu. Nimeanzisha uzi huu ili yeyote mwenye mkasi mzuri asiupeleke kwenye jiwe kabla ya kujaribu haya:

Ushike mkasi kwa mkono wa kushoto kwenye tundu moja la kidole, ncha zitazame juu. Kwa mkono wa kulia vuta tundu la pili mpaka mabapa yafanye msalaba. Achia. Usisukume, achia tu. Ukijifunga wote na kugonga, umelegea. Ukibaki palepale umeganda kama mtu aliyeona nyoka, umekazwa mno. Unatakiwa ushuke taratibu na kusimama kabla ya kufunga, ukibakiza uwazi kama theluthi. Ila usifanye jaribio hili mkasi ukiwa mchafu, maana nywele na gundi chini ya skrubu vinaweza kuufanya uonekane umekaza kumbe umelegea. Safisha kwanza, tia mafuta, ndiyo upime.

Kukaza ni kugeuza skrubu kuelekea kulia, kidogo sana. Yenye kitufe cha kugeuza kwa vidole, utasikia "tik" moja: simama, pima tena. Ya bisibisi, geuza chini ya robo mzunguko. Tik moja inatosha kukuondolea maumivu ya mwezi.

Naomba kuwasilisha. Wenye uzoefu mwongeze.

KinyoziIgoma

Niko siti ya mbele mkuu.

Ila laki nne kwa mkasi?? Mimi nanunua Makoroboi elfu tano, ukifa natupa, nanunua mwingine. Kwa laki nne ningenunua mikasi themanini.

MkasiWaKirumba

Mkuu ni wa kike jamani, mimi ni dada 😂

Kaka, nikuulize. Huo wa elfu tano unakata nini? Kama ni ndevu na kingo za masikio baada ya mashine, uko sahihi kabisa na usinisikilize. Mimi nina siku nakata vichwa vinane kwa mkasi mtupu. Mkasi wa elfu tano saa nane mchana unakuwa umeshachoka, na mimi nimechoka zaidi yake.

DagaaWaKukaanga

Nimeingia mbio nikidhani ni uzi wa kushonea weaving 😂😂

MkasiWaKirumba

Huo uzi ndio adui namba moja! Nimewafukuza wasichana wawili kiti changu kwa sababu ya uzi. Unashona weaving, ukimaliza unaangalia kulia, mkasi wa dada uko pale unang'aa, unauchukua unakata uzi. Na rasta hivyohivyo. Zile nywele bandia ni plastiki, si nywele. Zinakula makali kwa wiki moja kuliko nywele za watu kwa miezi. Saluni yangu ina mkasi wa buluu wa vifaa vya shule, umefungwa kamba kwenye kioo. Rasta, uzi, karatasi ya dawa, pakiti ya sukari, vyote ni huo.

Kingine ambacho sikukisema: kichwa chenye vumbi. Dereva wa boda ametoka Buswelu kwenye barabara ya vumbi, anakaa kitini anataka apunguzwe kwa mkasi. Vumbi ni mchanga, na mchanga ni msasa. Osha kichwa kwanza. Ukimwosha unaweza hata kumtoza.

SangaraMkavu

Dada nimesoma nikakumbuka mbali. Nilifanya kazi miaka kumi na moja kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, minne ya mwisho nikiwa upande wa kunoa visu. Kwa siku visu mia na zaidi vinapita mikononi. Nikajiona bingwa. Nilipoacha kazi shemeji yangu mwenye saluni akaniletea mikasi mitatu, nikamwambia lete, hii ni kazi ya dakika tano.

Nikaiharibu yote mitatu. Ngoja nieleze kwa nini, huenda ikamsaidia mtu.

Kisu kinakata peke yake. Ukikifanya chembamba upande huu na ule, kikawa na makali, kazi imeisha. Mkasi haukati kwa bapa moja, unakata pale bapa mbili zinapokutana. Chukua mkasi mzuri, ufunge, uinue kwenye mwanga wa dirisha uangalie katikati ya bapa. Utaona mwanga unapita. Watu wanadhani umepinda. Haujapinda, umetengenezwa hivyo kwa makusudi: kila bapa lina mkunjo kidogo sana kuelekea kwa mwenzake, na upande wa ndani umechimbwa kama kijiko. Kwa hiyo mkasi unapofungwa, bapa hugusana sehemu mbili tu, nyuma ya skrubu na pale panapokatwa nywele muda huo. Sehemu hiyo ya kukata inatembea kutoka shinani mpaka nchani kadiri unavyofunga.

Sasa mimi nilifanya nini? Nikalaza upande wa ndani kwenye jiwe nikausugua mpaka ukawa bapa kama meza. Yaani niliondoa lile shimo. Ule mstari mwembamba unaong'aa pembezoni mwa upande wa ndani ndio njia ya mkasi, ukiufuta umefuta mkasi. Anayejua anaugusa kwenye jiwe laini la maji mara chache tu kuondoa mabaki, basi.

Na upande wa nje kuna aina mbili. Mikasi mingi ya mtindo wa Kijerumani ina makali yenye mteremko unaoonekana, kama patasi. Hiyo fundi mzuri wa mtaani anaweza kuijaribu. Ile ya mtindo wa Kijapani upande wa nje umeviringana kama mgongo wa sato, hauoni mteremko wowote hadi kwenye makali. Hiyo ukiitia kwenye jiwe linalozunguka unaigeuza patasi siku hiyohiyo. Itakata, lakini si mkasi uleule tena, na ukijaribu kuteleza nao juu ya nywele utakwama.

Kuhusu bluu: pole sana. 440C ina kromiamu asilimia 16 hadi 18 na kaboni karibu asilimia 1, ni chuma kigumu kweli, 58 hadi 60 kwenye kipimo cha Rockwell. Ugumu huo unatokana na kuchomwa na kupozwa kiwandani. Jiwe kavu linalozunguka linakichoma upya bila kipimo. Ukiona rangi, sehemu ile imeshalainika. Ndiyo maana ulikata siku mbili ukafa.

KinyoziIgoma

Mgongo wa sato 😂 huyu ni Msukuma wa ziwani kabisa. Wabeja sana mzee, umeshusha nondo.

ShotoBuhongwa

Habari zenu. Mimi najifunza ususi, niko mwezi wa tano. Shida yangu ni hiyo hiyo ya dada, nywele zinalala kati ya mkasi. Lakini kwangu ni kila mkasi! Hata mpya wa madam. Madam akikata yeye unakata vizuri, nikishika mimi zinalala. Ameshaniambia mara mbili mkono wangu ni mzito na labda nibaki kwenye kusuka. Natumia mkono wa kushoto. Inahusiana?

MkasiWaKirumba

Mdogo wangu, mkono wako hauna shida yoyote. Na madam mwambie kwa heshima, lakini mwambie.

Chukua mkasi wa kawaida mkono wa kulia. Unapofunga, bila kujua, gumba linasukuma nje kidogo na vidole vinavuta ndani. Msukumo huo unabana bapa zishikane. Uhamishie mkono wa kushoto: msukumo uleule sasa unazitenganisha. Uwazi ukipatikana, nywele inaingia inalala. Huna uwezo wa kuurekebisha kwa kukaza skrubu. Ukikaza mpaka zikatike, utaua mkasi wa madam na gumba lako.

Unahitaji mkasi wa kushoto wa kweli. Na hapo kuna utapeli, soma vizuri. Ipo inayouzwa kama ya kushoto lakini wamegeuza matundu ya vidole tu, bapa ni zilezile za kulia. Kuitambua ni rahisi: shika mkasi ncha zitazame mbele, ufungue. Bapa la juu likiwa upande wa kulia, ni wa kulia. Ugeuze chini juu, bado litakuwa kulia. Wa kushoto wa kweli bapa la juu liko kushoto, ugeuze utakavyogeuza.

Njoo Kirumba siku moja. Nina mteja wa zamani, alifunga saluni Pasiansi, alikuwa shoto kama wewe. Nitamuuliza kama mkasi wake bado upo.

ShotoBuhongwa

Dada nimesoma hii huku machozi yananilengalenga. Asante sana. Nitakuja.

MamaPasiansi

Mimi niseme la kwangu ili lisaidie wengine. Wakati wa korona tuliambiwa kila kitu kioshwe. Nikawa natia mikasi yangu kwenye ndoo ya maji na Jik, usiku kucha, asubuhi naitoa. Nikaona ndiyo usafi wa hali ya juu. Baada ya wiki tatu mkasi mmoja ukawa na vidoti vyeusi kama ndui, hasa karibu na skrubu. Nikavisugua na steelwool. Vikawa vishimo. Wa meno, ule wa kupunguzia nywele, ndio ulikufa kabisa, meno mawili yalikuwa na kutu hadi katikati.

Na umeandikwa chuma cha pua! Nikadhani nimeuziwa feki.

SangaraMkavu

MamaPasiansi alisema: "Na umeandikwa chuma cha pua! Nikadhani nimeuziwa feki."

Si lazima iwe feki mama. Chuma cha pua hakipati kutu kirahisi kwa sababu ile kromiamu inatengeneza ngozi nyembamba juu yake. Klorini iliyo kwenye Jik inatoboa ile ngozi. Ikishapata tundu moja inachimba ndani kama funza. Kiwandani visu vya minofu vilikuwa na dawa yake na muda wake, na mtu akizidisha muda alipewa barua. Na chuma chenye kaboni nyingi, ambacho ndicho kinashika makali, kwa kutu ni dhaifu kuliko sufuria yako ya stenlesi nyumbani.

NesiWaZamu

Naomba niingilie hapa kidogo kwa sababu naona watu wataacha kusafisha kabisa.

Msiache. Mkasi unaweza kukwaruza ngozi, na damu usiyoiona inabeba homa ya ini na mengine. Kinachotakiwa ni mpangilio. Kwanza ondoa nywele na uchafu, osha kwa sabuni na maji kama kuna mafuta ya nywele, kausha. Halafu spiriti ya asilimia 70, au dawa ya vyombo vya saluni iliyochanganywa kama chupa inavyosema na kwa dakika zilizoandikwa, si usiku kucha. Halafu kausha tena.

Na vile viboksi vya taa ya bluu ambavyo kila saluni inaviita sterilaiza: mwanga ule unafanya kazi pale unapopiga tu. Mkasi uliofungwa, ndani yake kuna kivuli. Mkasi wenye nywele, chini ya nywele kuna kivuli. Ni sehemu nzuri ya kuhifadhia kifaa kilichokwisha kusafishwa. Ukiweka kichafu unatoa kichafu.

MkasiWaKirumba

Asante nesi, hii nilipaswa kuiandika mwenyewe.

Niongeze jambo moja: spiriti inaondoa mafuta yote kwenye skrubu. Kwa hiyo ukimaliza spiriti ukalala, umeulaza mkasi mkavu. Kwangu saa mbili usiku tukifunga, mikasi inafutwa kwa kitambaa laini (nina kile cha kufutia miwani), unafuta kutoka mgongo wa bapa kuelekea makali, usipitishe kidole kufuata makali. Halafu nafungua msalaba, tone moja la mafuta kwenye skrubu, nafungua na kufunga mara kumi, nafuta ule weusi unaotoka. Haizidi dakika mbili kwa mkasi. Unalala umefungwa, kwenye ala yake, mbali na taulo mbichi. Saluni zetu huku ziwani unyevu haukosekani, na kabati la taulo ndio nyumba ya kutu.

FundiCherehaniMabatini

Mafuta gani lakini dada? Hapo umepita haraka.

Mimi ni fundi nguo. Mafuta ya cherehani, yale mepesi meupe, ndiyo hayohayo. Ya mashine ya kunyolea nayo yanafaa. Watu wanatia mafuta ya kupikia, hayo yanaganda yanakuwa gundi baada ya wiki. Wengine wanatia Vaseline, inakusanya nywele kama sumaku.

Halafu mimi mkasi ukilegea nauweka juu ya chuma nagonga ile pini kwa nyundo mara moja, unakaza. Mbona hamjasema hiyo?

MkasiWaKirumba

Fundi wangu, mafuta umenena. Nyundo hapana!

Mkasi wako wa nguo una pini ya ribiti, huna namna nyingine, sawa. Huu una skrubu ya kukaza na wengine chini yake una washa nyembamba (kile kisahani chenye tundu) au springi. Ukigonga unapasua vyote, na bapa zinakaa upande.

FundiCherehaniMabatini

Basi nimesalimu amri. Ila wa nguo zangu nitaendelea kuugonga.

KinyoziIgoma

Wakuu nimerudi. Nimefanya lile jaribio la msalaba na mkasi wangu wa elfu tano.

KACHA!! Mpaka mteja aliyekuwa anasinzia akaamka.

Nimetafuta skrubu niikaze, haina. Ni ribiti kama alivyosema fundi. Nikaenda kwa jirani yangu ana mkasi wa skrubu, naye kacha. Tumekaza tik mbili, tumejaribu na karatasi ya chooni iliyoloweshwa, kuna mtu kwenye simu aliniambia ndiyo kipimo. Kabla ya kukaza karatasi ilikuwa inajikunja, baada ya kukaza imekatika safi hadi karibu na ncha. Nchani bado inakwama.

Sasa hiyo ncha ni nini?

SangaraMkavu

Ulianguka huo. Niamini.

Karatasi ya chooni iliyolowa, tabaka moja, ni kipimo kizuri kwa kuwa haina nguvu ya kujisimamia. Ikikwama sehemu moja ileile kila mara, hapo kuna pengo au ncha imegongana. Pitisha ukucha taratibu kwenye makali, si kidole, ukucha, utahisi unadaka. Hilo halikazwi. Hapo ndipo mnoaji anahusika, tena mnoaji wa mikasi ya saluni. Usiendelee kuufunga na kufungua, bapa lenye pengo linamkwangua mwenzake kila unapofunga.

KinyoziIgoma

Jirani anasema haujawahi kuanguka.

Mke wake anasema umeanguka mara tatu 😂

MtuWaNansio

Mimi niko Ukerewe, huku ukiharibu kitu unasubiri meli. Kwa hiyo tumekuwa mafundi kwa lazima.

Kuna sehemu ya mkasi hamjaitaja. Ile mpira ndogo kati ya matundu ya vidole, inayozuia yasigongane. Yangu ilidondoka, nikadhani ni ya kupunguza kelele tu, nikapuuza. Baada ya siku kadhaa nikaona ncha zinapishana, yaani mkasi ukifungwa ncha moja inapita nyingine na kuchungulia upande wa pili. Nikamchoma mteja sikio. Kidogo tu, lakini damu ni damu.

Nikakata kipande cha kandambili, nikakichonga kwa wembe, nikakibandika kwa gundi kali. Cha kwanza kilikuwa kinene, ncha zikawa hazifiki, mkasi unakata kote isipokuwa mwisho. Nikakipunguza kwa msasa kidogokidogo, kila mara nafunga naangalia ncha kwenye mwanga, mpaka zikakutana sawasawa. Ilinichukua saa nzima. Kandambili ilikuwa ya mtoto, nyekundu, kwa hiyo mkasi wangu una kidoti chekundu na wateja wanadhani ndio mtindo.

MkasiWaKirumba

Mtu wa Nansio nimekuvulia kofia. Hili sikulijua. Nimekwenda kuangalia mkasi wangu wa meno sasa hivi, mpira haupo. Sijui ulidondoka lini.

DagaaWaKukaanga

Swali la kizushi. Ukinunua utajuaje si feki? Kila mkasi mjini umeandikwa Japan.

MkasiWaKirumba

Maandishi hayanoi. Japani kuna mji unaitwa Seki, Ujerumani kuna Solingen, miji ya visu tangu zamani, na mikasi mizuri hutoka huko. Lakini pia ipo mizuri na mibovu inayotoka Pakistani na China, na kuchora neno Japan kwenye chuma ni kazi ya dakika moja.

Mimi naangalia mambo ya mkononi. Skrubu inakazwa au ni ribiti? Ukiufunga na kuuinua kwenye mwanga, ule uwazi wa katikati alioueleza mzee upo? Upande wa ndani umechimbwa au ni tambarare tupu? Ukifungua na kufunga polepole karibu na sikio, unasikia mkwaruzo au unateleza kimya? Muuzaji anakuruhusu kukata karatasi iliyolowa? Akikataa, rudisha hela mfukoni. Na urefu pimeni kwa mkono wenu, si kwa macho. Inchi 5 na nusu hadi 6 inatosha wanawake wengi, vinyozi wanapenda 6 na nusu au 7 kwa kukatia juu ya kitana.

Kunoa, kwa anayeuliza kwenye ujumbe: wangu nilimpa yule dada wa Nairobi ampelekee mnoaji wake mwenye mashine ya jiwe la maji. Ulikaa huko wiki mbili. Ndiyo maana nina miwili.

ShotoBuhongwa

Dada nimerudi kutoa mrejesho, samahani kwa kuchelewa.

Jumamosi nilikuja Kirumba kama ulivyosema (wasomaji, yule dada wa Pasiansi bado alikuwa nao, kwenye kopo la maziwa, umeshikana na kutu juujuu). Dada MkasiWaKirumba aliufungua wote mbele yangu. Skrubu, washa, mabaki ya nywele za watu ambao labda sasa wana wajukuu. Tukausafisha kwa mswaki na spiriti, tukatia mafuta, tukaukaza tik tatu, tukarudisha moja nyuma.

Halafu akanipa wigi la zamani, nywele za binadamu, akaniambia kata mstari mmoja ulionyooka.

Nilikata. Haikulala hata moja. Nilisikia sauti ya mkasi kwa mara ya kwanza, ile "shii" ndogo. Nilikuwa siijui, mimi nilizoea "kru kru".

Jumatatu nimekata mbele ya madam. Hakusema kitu. Alichukua mkasi wangu akajaribu kukata kwa mkono wake wa kulia, nywele zikalala. Akanirudishia.

KinyoziIgoma

😂😂😂 Madam amekutana na yake.

Dada wa Kirumba, kesho naja na mkasi wa jirani. Mnafungua saa ngapi?

MkasiWaKirumba

Saa tatu. Njoo na jirani mwenyewe, na mke wake pia, nataka kusikia hizo mara tatu.